Dereva wa Printa

Chumba cha mbele, 4 Machi

Wifi Mkubwa,

Kwanza salamu, halafu lawama. Salamu ni hizi: mimi mzima, nyumba nzima, paa halivuji. Lawama ni za mdogo wako. Mume gani anakufa na neno la siri kichwani?

Miezi minane nimekaa nikidhani kitabu chake kimetulia ndani ya kompyuta kinanisubiri nimalize kulia. Juzi nimeifungua ile programu aliyokuwa akipangia kurasa, ikaniomba ufunguo. Ufunguo gani? Nimepekua droo, nimepekua mifuko ya makoti, nimemwaga mpaka kopo la misumari. Ndipo fundi wa kompyuta wa hapa jirani akanieleza, huku akitazama ukutani kwa adabu, kwamba marehemu hakuinunua programu ile. Aliipata kwa njia za panya, na sasa imemkataa yeye na warithi wake.

Usishtuke, maandishi yapo. Nimeyakuta matupu, bila sura wala mpangilio: maneno yote ya useremala aliyoyakusanya kwa miaka ishirini na miwili, kila kifaa na jina lake, kila kiungo cha mbao na namna ya kukikata. Mkuu wa chuo cha ufundi amenipa neno lake. Akipata nakala arobaini tarehe mbili Juni, muhula unapofunguliwa, kitabu kitafundishwa. Asipopata, watatumia vile vitini ambavyo marehemu alikuwa akivisoma ameshika kichwa. Hilo sitalikubali nikiwa hai.

Programu nyingine nimeshaipata, ya bure na ya halali. Unaiandikia maagizo kwa maneno, hapa sura mpya, hapa kichwa cha habari, nayo inapanga yenyewe. Fundi aliniambia ni ngumu kwa mtu wa umri wangu. Nikamwambia nimeishi miaka thelathini na mdogo wake Wifi Mkubwa, sasa hicho kigumu ni kipi?

Kilichobaki ni printa, lile jitu alilolileta kutoka mnadani. Nahitaji dereva. Wewe umekaa kiwanda cha uchapaji maisha yako yote, unajua watu. Naomba unitafutie dereva wa printa hii, wa bure kama yupo, maana bila dereva haiendi popote.

Na unajua aliloniachia siku zile za mwisho: "Usichape mpaka dada aseme chapa." Kwa hiyo kurasa zikiwa tayari zinakuja kwako, na neno lako ndilo nitakalolisubiri. Naituma barua hii kwa gari la vifurushi kwa sababu simu hupokei na ujumbe hujibu.

Wifi yako,
Kidole Kimoja
(jina ulinipa mwenyewe siku uliponiona nachapa, nami nimelizoea)


Ghorofani, 9 Machi

Kidole Kimoja,

Barua imefika na nimekusikia. Simu ni za watu wasiojua kuandika, ndiyo maana sipokei. Mimi nina mashine yangu ya taipu, vidole kumi, na utepe mpya.

Dereva nimempata, wala sikuhangaika, alikuwa mlangoni. Ni mtu mzima, mpole, na lile gari la vifurushi ni lake. Kwa heshima ya marehemu hatatoza chochote. Atafika kwako Jumatano asubuhi. Ifunge printa kwa blanketi na usimwache aibebe peke yake, ana mgongo. Sijui unaihamishia wapi na hujanieleza, lakini nyumba ni yako.

Mdogo wangu na programu ya magendo! Alikuwa akiniapia kwamba ana risiti. Nitamkuta huko aliko tuongee.

Kurasa lete. Nimesahihisha miaka thelathini na minne, sheria, dawa, hesabu, ratiba za treni, na hakuna kosa lililonipita isipokuwa yale niliyoyaacha makusudi kumkomoa mwandishi mwenye kiburi. Ila nikuonye mapema. Hizo programu hazikijui Kiswahili, zikifika mwisho wa mstari hukata neno ovyo. Utaona zimekuandikia "nyum" huku na "ba" kule. Ifundishe sheria moja tu: neno linakatwa baada ya irabu. Nyu-mba. Se-re-ma-la. Ukiishika hiyo umemaliza.

Kula vizuri. Nikikumbuka ulivyokonda siku ya arobaini nakasirika.

Wifi Mkubwa


Chumba cha mbele, 13 Machi

Wifi Mkubwa,

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Jumatano saa mbili kamili nasikia honi. Natoka, namkuta bwana mmoja na kofia mkononi, ananiambia, "Mama, mimi ndiye dereva wa printa." Nikamtazama. Nikamuuliza kama anajua kompyuta. Akasema hajui, ila anaendesha gari la aina yoyote.

Wifi yangu, dereva wa printa si mtu! Ni kiprogramu kidogo kinachoifundisha kompyuta kuongea na printa. Mafundi ndivyo wanavyokiita. Ningekuwa mbele yako ungenipiga kofi la mgongo kwa kutoeleza vizuri, lakini wewe nawe, printa niihamishie wapi?

Basi sikumrudisha bure. Nilimpa chai na mkate, akanisaidia kulisogeza lile jitu karibu na dirisha, akapangusa vumbi la nyuma bila kuombwa. Ni mtu mwema. Tumekubaliana atatubebea barua na kurasa kila atakapopita.

Na yule dereva mwingine, asiyekunywa chai, nimempata mwenyewe. Kompyuta ina orodha ndefu ya printa inazozifahamu, na yangu haimo. Fundi akasema basi, nunua mpya. Mimi nikasoma orodha yote toka juu mpaka chini, nikakuta ipo printa ya kampuni ileile iliyotoka mwaka mmoja kabla ya hii yangu. Nikasema huyu si ndiye kaka yake? Lazima wanazungumza lugha moja. Nikachagua dereva wa kaka mtu. Printa ikanguruma, taa ikawaka, ukatoka ukurasa safi wenye neno moja nililolijaribia: WIFI. Nimeubandika ukutani.

Nikuulize kitu. Mwaka jana ulisema unakwenda kubadilisha miwani. Ulipata? Kurasa ni mia moja kasoro nne na herufi nimeziweka saizi kumi na moja kama alivyotaka marehemu.

Kidole Kimoja


Ghorofani, 24 Machi

Kidole Kimoja,

Hayo ya dereva usimsimulie mtu yeyote. Ukisimulia nitakana.

Kwa hilo la kaka wa printa nakupongeza bila choyo. Kiwandani tulikuwa na mainjinia watatu wenye makoti meupe, na mashine ikigoma walikuwa wanaizunguka tu kama wanaipigia picha. Hakuna aliyewahi kufikiria kumtafuta ndugu yake. Mdogo wangu alioa vizuri, nilimwambia hivyo siku ya kwanza, yeye akadhani namtania.

Miwani umeniuliza. Doms djofs upupyr/

Sasa tuongee kazi. Sitaki kurasa zije vipande vipande. Leta kitabu kizima, kimefungwa kwa uzi, upande mmoja wa karatasi. Mimi husahihisha mara moja tu, toka mwanzo hadi mwisho, nimeketi. Nikimaliza nakuandikia orodha, unarekebisha, nasema chapa, unachapa. Hatujawahi kuwa na mambo mengi mimi na kazi.

Na huyo Dereva usimzidishie mkate, anasinzia njiani.

Wifi Mkubwa


Chumba cha mbele, 14 Aprili

Wifi Mkubwa,

Hiki hapa, kizima, kwa uzi. Kipokee kwa mikono miwili.

Sikufichi, nimejivuna. Kidole kimoja, wiki tatu, na maagizo mia sita na kitu niliyoyaandika mwenyewe. Mwanzoni programu ilikuwa inanitolea makosa kwa lugha yake, nami naijibu kwa yangu. Siku nzima ilinigomea kwa sababu ya alama moja niliyosahau kuifunga. Lakini ile sheria yako ya irabu nimeifundisha, na imeshika kama mwanafunzi aliyechapwa. Hakuna "nyum" wala "ba". Fundi amekuja kutazama, kesho yake amerudi na kijitabu cha harusi ya dada yake anataka nimpangie.

Barua yako iliyopita nimeionyesha watu. Uliandika sentensi ya lugha ya wapi ile, mstari wa miwani? Mashine yako imeota pembe. Nimecheka na Dereva, ila yeye hakucheka sana.

Ukurasa wa tatu utakuta tabaruku. Nimeiacha kama marehemu alivyoiandika, herufi kwa herufi: "Kwa dada yangu, ambaye kosa halimpiti." Basi. Hapo ndipo ilipoishia. Mimi niliyempikia miaka thelathini, niliyemfagilia vumbi la mbao kitandani, simo hata kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Nikamuuliza pale kwenye picha yake, mwenzangu, mimi umeniweka wapi? Hajanijibu. Nakutania, wifi, lakini si sana.

Soma. Nasubiri neno lako.

Kidole Kimoja


Ghorofani, 26 Aprili

Kidole Kimoja,

Nimemaliza. Makosa ni haya.

Ukurasa wa 11, umeandika "landa". Ni randa. Seremala gani anapiga landa? Ukurasa wa 19, "kata kata" imerudiwa mara mbili bila sababu. Ukurasa wa 34, "usipake gundi kabla ya kukausha mbao" umekosa ile "usi", kwa hiyo unawaambia watoto wa watu wapake gundi kwenye mbao mbichi. Ukurasa wa 40, patasi ya nusu inchi imekuwa ya inchi tano, hiyo si patasi tena, ni jembe. Ukurasa wa 58, "msumeno" umeuruka katikati ya sentensi, mtu anakata ubao kwa mikono mitupu. Ukurasa wa 77, sentensi ya mwisho haina kitenzi. Ukurasa wa 90, "vanishi" na "vanish", chagua moja.

Saba tu. Kwa kidole kimoja ni kazi ya kujivunia, na marehemu angekutembeza mtaani kwa furaha.

Tabaruku nimeisikia. Sina la kusema juu yake leo.

Rekebisha hayo, halafu: CHAPA.

Wifi Mkubwa


Chumba cha mbele, 2 Mei

Wifi Mkubwa,

Barua hii nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya hasira, nimeichana.

Nilirekebisha yale saba, nikachapa nakala ya kwanza, nikampelekea fundi cherehani wa nyumba ya pili, ndiye anayenishonea migongo ya vitabu. Akaanza kushona huku anafungua kurasa. Alipofika sura ya tisa akaacha sindano, akakaa sakafuni, akaziba mdomo kwa kitambaa cha mteja. Nikadhani amejichoma.

Sura ya tisa ni ile ya msasa na vanishi. Inaitwa "Kumalizia". Neno hilo limejaa humo kila baada ya mistari miwili, na mara tatu limefika mwisho wa mstari likakatwa. Limekatwa kwa sheria yako, baada ya irabu, silabi ya pili. "Lizia" iko mstari wa chini, imekaa salama. Kilichobaki juu, mwisho wa mstari, na kialama cha mkato pembeni kama kinakionyeshea kidole, sikiandiki. Kisome kimoyomoyo. Na mkuu wa chuo ni yule mama anayefukuza wanafunzi kwa kupiga mluzi. Kitabu cha mume wangu kingekuwa kichekesho cha bweni zima kabla ya saa nne asubuhi.

Nimesimamisha kazi. Moja tu ndiyo iliyotoka, nayo nimeifungia kabatini.

Halafu nikakaa nikafikiri. Wifi Mkubwa ninayemjua, hilo lingemrukia machoni toka mlangoni. Kwa hiyo nikasoma tena kitabu chote. "Ng'oa misumari" nimekuta haina kile kimkato chake cha juu, mara nne. Ukurasa wa 62 hauna namba. Kichwa cha sura ya sita kina herufi za aina nyingine kabisa. Yote hayo yamekupita. Nikachukua orodha yako ya saba, nikaisoma kwa sauti. Makosa yote uliyoyaona yanasikika. Randa na landa, inchi tano, msumeno uliorukwa. Na yote yaliyokupita hayasikiki. Neno lililokatwa, mtu akikusomea, analiunga.

Nikatoa barua yako ya Machi. Wewe hutazami vibonye unapopiga taipu, vidole vinajua njia. Mimi navitazama kila siku ya Mungu, najua kila herufi jirani yake ni nani. Nikaweka kidole kwenye D, nikakisogeza kushoto: S. Kwenye O, kushoto: I. M ikawa N. S ikawa A. Sina. Nikaendelea mpaka mwisho wa mstari. Uliweka mikono hatua moja kulia na hukuona. "Sina shida yoyote," ndiyo uliyoniandikia.

Wifi yangu, niliacha kucheka palepale. Nililia, na sikulia vile hata siku ya mazishi, maana siku ile wewe ndiye uliyenishika mkono.

Tangu lini? Na kwa nini mimi nisijue?

Kidole Kimoja


Ghorofani, 15 Mei

Kidole Kimoja,

Barua yako imekaa siku kumi juu ya meza. Dereva alinisomea mara moja, nikamwambia aende zake.

Ndiyo, yeye ndiye msomaji wangu. Hata ile ya kwanza alinisomea yeye, amesimama mlangoni na kifurushi cha jirani kwapani, baada ya mimi kumwambia miwani iko ndani. Alipofika kwenye "nahitaji dereva" akasema, "Mama, hapa naitwa mimi." Nami nikaona ni kweli, hapo ameitwa yeye. Sasa unajua.

Ni mwaka wa pili. Katikati hakuna kitu, ni kama mtu amebandika stempu ya kijivu pale ninapotazama. Pembeni naona. Nakuona ukiingia, sikuoni uso. Neno kubwa la bango la duka nalipata nikiligeuzia kichwa kama kuku. Daktari amesema halitarudi lililokwenda, ila pembeni patabaki.

Kwa nini usijue? Kwa sababu mtu akijua huoni anaanza kukukatia nyama. Anakutoa ghorofani akuweke chini. Anaacha kukuuliza kazi. Nimekuwa jicho la watu miaka thelathini na minne, sikujua nikiacha kuwa jicho nitakuwa nani. Na mdogo wangu alisema mpaka dada aseme. Nilitaka niseme. Niliona nikisikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiliza maishani, itatosha.

Haikutosha. Kiwandani tulikuwa na orodha ya maneno kumi na moja ambayo mpangaji herufi hayakati pale panapobaki tusi, hata sheria ikimruhusu. Hilo lako lilikuwa la kwanza. Sikukwambia kwa sababu hakuna jicho linaloliruka. Nimekupa sheria na nimesahau aibu yake. Ningemuaibisha ndugu yangu kaburini kwa mkono wangu mwenyewe, na hilo linaniuma kuliko macho.

Mpe mtu mwingine akusahihishie, bado kuna wiki mbili. Na kama kuna wazo linakuingia la kunikuzia herufi, liache. Ukikuza herufi, kila mstari utahama, maneno yatakatika mahali pengine, nami nitakuwa nimesahihisha kitabu ambacho hukichapi.

Samahani, wifi yangu.

Wifi Mkubwa


Chumba cha mbele, 18 Mei

Mwambie Dereva hii aisome polepole, halafu asiisome nyingine yoyote mpaka ufike mwisho wa boksi.

Wifi, mtu mwingine simtaki. Mimi sikuolewa na jicho, niliolewa kwenye nyumba, na katika nyumba hiyo kuna mtu mmoja anayesema chapa. Nyama utakata mwenyewe, na ghorofani utakaa mpaka ngazi ziombe likizo.

Yale mambo ya mistari kuhama unadhani siyajui? Mimi na programu hii tumeshakula chumvi pamoja. Herufi sikuzigusa. Maneno yote kumi na moja niletee na nitaiambia iyaache mazima. Hilo moja nimeshaliambia, na ng'oa zimepata vimkato vyao. Kitabu kimepangwa upya, saizi kumi na moja, kila mstari umekaa pale utakapokaa kwenye nakala arobaini.

Halafu nikamwendea dereva wetu, yule asiyekunywa chai. Jioni moja nilikuwa nabonyeza kila kitu alichonacho, nikakuta mahali ananiuliza: ukurasa mmoja uenee kwenye karatasi ngapi? Nikamwambia nne. Akaukata ukurasa vipande vinne, akakuza kila kipande kijae karatasi nzima, na ukiviunga kwa gundi unapata ukurasa uleule, mstari kwa mstari, mkato kwa mkato, mkubwa kama mlango wa kabati. Fundi hakuwahi kukiona kitu hicho, na printa ndiyo kazi ya maisha yake.

Karatasi mia tatu themanini na nne. Fundi cherehani na mimi tumeziunga siku mbili, sebule yangu haikuwa na pa kukanyaga. Zimo kwenye boksi kwa mpangilio. Dereva, yule wa chai, atakubandikia ukutani kumi kumi, halafu atatoka nje. Geuza kichwa kama kuku utakavyo, hakuna anayekutazama.

Ukiona kosa, liseme. Usipoona, usiseme chapa kwa kunihurumia, nitajua.

Kidole Kimoja


Ghorofani, 27 Mei

Kidole Kimoja,

Nimesoma kitabu cha mdogo wangu kwa macho yangu mwenyewe. Nimekisoma nimesimama, siku nane, kwa pembe ya jicho kama mtu anayechungulia kwa jirani, na shingo imekakamaa sasa naongea na watu upande upande. Sijawahi kufurahia kazi hivi tangu nilipokuwa msichana pale kiwandani.

Sura ya tisa nimeisoma mara mbili. Iko safi, na yale maneno kumi mengine sikuyakuta yamekatwa popote. Inaweza kusomwa mbele ya mkuu wa chuo na mama yake.

Makosa ni mawili. Ukurasa wa 48 kuna nafasi mbili kati ya "bawaba" na "ya", huwezi kuisikia hiyo hata ukisomewa na malaika. Nimeiona. Nimeipigia kelele mpaka Dereva akapanda ngazi mbiombio akidhani nimeanguka.

La pili liko ukurasa wa tatu. "Kwa dada yangu, ambaye kosa halimpiti." Nimekaa mbele ya ukuta ule muda mrefu. Wifi, mimi ni msahihishaji, siwezi kuacha sentensi isiyo kweli ipite kwenye kitabu kwa sababu tu inanisifu. Dada yupo, nafasi yake nitaichukua, ila sentensi haijaisha. Ongeza mstari wa pili chini yake, herufi zilezile, saizi ileile:

"Na kwa mke wangu, aliyeliona lililompita dada."

Usibishe. Marehemu hawezi kubisha, na angekuwepo angesema ndicho alichotaka kusema ila alikatika mwisho wa mstari. Ndiyo tabia yake tangu mtoto.

Dereva yuko mlangoni, injini inanguruma, barua hii inafika kwako leo leo. Neno la mwisho sikulipiga taipu. Nimeliandika kwa mkono, kwa ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, karatasi nzima, ili nilione mwenyewe kabla halijaondoka. Nimeliona. Liko sawa.

CHAPA

Wifi Mkubwa